Kitabu cha Kumi na Mbili Hakijashonwa

Mtu akikuletea kitabu kilichovunjika mgongo, usikifungue kwanza. Kinuse. Kitabu kilichokaa karibu na mbabula, jiko la makaa, kina harufu yake, kilicholala chini ya paa linalovuja kina nyingine, na kilichotembelewa na panya utakijua kabla hujaona tundu. Papa Birindwa, fundi aliyenifundisha kazi, aliweza kusema kwa pua tu kama mwenye kitabu anakisoma au anakiweka. Siku moja alinusa kitabu kinene cha sheria akasema, "Hii iko ya mutu mwenye anasoma akikula." Tulipokifungua tukakuta kichwa cha ndagala, yule samaki mdogo wa ziwani, kimebanwa katikati, kikavu kama kifungo.

Ninawaandikia nyinyi vijana mliokubaliana kusoma vitabu kumi na viwili kwa mwaka. Habari hiyo niliipata nje ya kanisa, watu wakitoka misa. Nikaambiwa pia kwamba mmoja wenu aliuliza kama kuna mtu hapa Bukavu aliyewahi kufanya jambo kama hilo, au kama ni desturi ya Ulaya tu. Yuko. Tulikuwa wanne mezani, miaka mingi, katika karakana ya kushona vitabu pale Nyawera. Leo nimebaki peke yangu. Nimestaafu, ninaishi Kadutu juu, na kuna mwaka mmoja ambao hesabu yake haijakamilika mpaka leo. Kwa ajili ya mwaka huo nimeshika kalamu. Lakini lazima kwanza mjue kitabu kimeundwaje, maana bila hilo hamtaelewa jinsi tulivyosoma.

Kitabu kizuri ni mkusanyo wa kaye. Kaye ni karatasi kubwa iliyochapwa, ikakunjwa na kukunjwa tena mpaka ikawa kijitabu chembamba cha kurasa kumi na sita. Kaye hizo hupangwa kwa utaratibu, hushonwa moja baada ya nyingine kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, ndipo mgongo hutiwa kole, yaani gundi. Kitabu kikivunjika, fundi huanzia mwisho: hukata uzi wa zamani, hulainisha kole kwa maji ya uvuguvugu, na kitabu hulala mezani vipande vipande. Hapo ndipo tuliposoma sisi. Hatukuwa na vitabu vyetu. Tulisoma vya watu vikiwa vimevuliwa nguo, kabla hatujavivisha tena.

Na kwa kuwa tulikuwa wanne na kitabu kimoja, kila mtu alichukua kaye yake. Mmoja alisoma mwanzo, mwingine kati, mwingine kifo cha mhusika ambaye mwenzake alikuwa bado hajamwona akizaliwa. Ilibidi tuelezane. Kole ilipokuwa inakauka, saa ya chakula, kila mmoja alisema kipande chake, na kitabu kikaungana mdomoni kabla ya kuungana kwenye uzi.

Kanuni aliiweka Papa Birindwa, mwanzoni mwa mwaka mmoja, alipotuona tumekaa tunapiga miayo tukisubiri presi, kile chuma cha kubania vitabu. Alisema tutamaliza vitabu kumi na viwili kabla ya Noeli ijayo. Nikauliza tutajuaje kwamba kitabu kimesomwa kweli.

"Kitabu yenye haukuelezea mutu, haukuisoma," akasema. "Uliipangusa tu na macho."

"Na nikimuelezea, nitajua namna gani kama amesikia?"

"Atakuuliza: kisha? Kama hakuuliza kisha, ni weye umeeleza mubaya, anza tena."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yote. Kitabu kimoja kwa mwezi, na mtu wa kukuuliza "kisha?"

Acha niwataje wenzangu. Papa Birindwa mmeshamwona: mzee mfupi, mwenye kidole gumba kigumu kwa kukunja karatasi, kiasi kwamba hakuhitaji ule mfupa tunaotumia kukazia mikunjo. Wa pili ni Musombwa, mkata karatasi, mtu wa Mwenga aliyewahi kuchimba dhahabu. Alipenda kusema, "Mu dhahabu unachimba mwaka muzima, unapata kijiko. Mu kitabu hata kijiko haiko." Wa tatu ni Maman Nabintu, mjane, mshonaji wetu, ambaye uzi wake haukulegea wala kukaza kupita kiasi. Wa nne ni mimi. Waliniita Virgule, ile alama ndogo ya kupumzikia katika sentensi, kwa sababu nilizoea kusimama kila mahali kuhakikisha. Sikuwa na elimu kubwa. Niliacha shule baada ya mwaka wa tano wa msingi. Kifaransa changu nilikijenga mezani pale, kaye kwa kaye, kwa hiyo mpaka leo kina matundu ambayo panya waliyala kabla yangu.

Mtauliza tulisoma nini. Chochote kilicholetwa. Msomaji mwenye pesa huchagua. Sisi tulipokea kama tumbo la mtoto. Nakumbuka kitabu cha kufuga nyuki, ambacho ninakiweka juu ya vingi vilivyokuja baadaye. Aliyekiandika hakujisifu hata mara moja. Kila alichodai kujua alieleza alikijuaje, na alipokosea aliandika kwamba amekosea na mzinga ukafa. Nilijifunza kutoka kwake kwamba mtu anaweza kuandika bila kupandisha sauti.

Nakumbuka kitabu cha mapishi ya Wazungu. Musombwa ndiye aliyekichukua, na alitusimulia kwa sauti ile ile ya mapadri wakisoma mateso ya Bwana.

"Wanakamata mayai sita. Wanayapiga."

"Kisha?" akauliza Maman Nabintu.

"Wanayapiga tena."

"Ile mayai ilifanya makosa gani?"

"Wanayaacha yapumuzike. Kisha wanayapiga mara ya tatu. Maman, mu iyi kitabu yai haina avocat wa kuitetea."

Nakumbuka kitabu cha macho, cha daktari, chenye picha za jicho lililokatwa katikati kama limau. Papa Birindwa alikisoma mwenyewe chote, akakataa kugawa kaye. Aliposimulia, alisimulia haraka na bila mizaha, na tulipouliza "kisha?" alijibu, "Kisha inazimika." Hatukufahamu wakati ule kwamba alikuwa ameanza kuiona sindano mara mbili.

Kosa letu kubwa mtalicheka, nami ninawaruhusu. Siku moja vililetwa vitabu viwili vya hadithi kutoka nyumba moja, ukubwa mmoja, herufi za aina moja, karatasi ya rangi moja. Vyote vilikuwa vimelowa, vyote tukavivua siku hiyo hiyo, tukazianika kaye juu ya kamba zikauke. Upepo wa ziwa ukaingia dirishani ukaziangusha. Tuliziokota tukazipanga kwa haraka. Mwezi mzima tukasimuliana kitabu kimoja: padri anatembea katika theluji kwenda kwa mgonjwa, anapotea njia, anaingia katika nyumba yenye taa, na ndani ya nyumba hiyo anakuwa mlimaji wa kahawa mwenye madeni, anayegombana na mkwe wake. Hakuna aliyeshtuka. Maman Nabintu alisema tu, "Ameacha upadri. Baridi inaweza kufanya mutu vile." Tulisikitikia mgonjwa aliyeachwa bila sakramenti, lakini tulielewa.

Papa Birindwa ndiye aliyegundua, wakati wa kushona. Chini ya ukurasa wa kwanza wa kila kaye kuna alama ndogo ya mchapaji, herufi au namba, inayomwambia fundi ipi inatangulia. Zile zilikuwa na namba tatu mbili, namba saba mbili. Akazitenganisha kimya kimya, rundo hili na rundo lile. Tukavisoma upya, kila kimoja peke yake. Padri alifika kwa mgonjwa. Mlimaji alilipa madeni. Vilikuwa vitabu vya kawaida tu.

"Mbele ilikuwa muzuri," Musombwa akanung'unika, yaani kabla hazijatenganishwa.

"Mbele haikuwa kitabu," akasema Papa Birindwa. "Ilikuwa sisi."

Tangu siku hiyo niliangalia alama ya chini kabla ya kusoma neno lolote. Fanyeni hivyo nanyi mkipata vitabu vya zamani. Kurasa zinaweza kukosekana bila hadithi kukuambia.

Ngoja niwape na jambo la mikono, kabla halijanitoka. Kole ya dukani inapokosekana, na ilikosekana sana, kole ya muhogo inatosha. Chukua unga uliochujwa kwa kitambaa, si kwa kichungio. Uvuruge kwenye maji baridi kwanza, ndipo uumimine katika maji yanayochemka, ukikoroga upande mmoja tu. Weka shabu kidogo, kwa sababu bila shabu mende watakuja kula mgongo wa kitabu usiku kama harusini. Iache ipoe. Kole ya moto hukunja karatasi. Na usipake nyingi. Mwanafunzi hupaka kole kwa hofu. Fundi hupaka kidogo kwa sababu anauamini uzi wake.

Ilikosekana, nimesema. Mlizaliwa baadaye, labda hamjui ilivyokuwa. Katika miaka ile tuliacha majina ya ubatizo, tukawa citoyen na citoyenne, raia wa kiume na wa kike, tukafunga vifungo vya abacost, lile koti lisilo na tai, mpaka shingoni. Maduka ya wageni yakapewa wenyewe wapya, na duka la vifaa vya shule lililokuwa mbele ya karakana yetu likawa duka la bia, kisha likawa limefungwa. Uzi wa kitani ukapotea. Tulishonea uzi wa nyavu, na nyavu zilipopanda bei tulishonea nyuzi za magunia zilizofumuliwa na kupakwa nta mara mbili. Wazungu na Wagiriki waliondoka, vitabu vyao vikabaki rafuni kwetu vikiwa na majina juu ya kijikaratasi, na hakuna aliyerudi kuvichukua.

Watu nao wakapungua. Musombwa ndiye aliyetangulia. Alirudi Mwenga kwenye dhahabu. "Ninaenda kutafuta kijiko," akasema, akatupa mikono, akatoka na kisu chake cha kukatia. Mwaka uliofuata Papa Birindwa alipitisha uzi pembeni ya tundu la sindano mara nyingi mno, akaiweka sindano mezani, akafuta mikono kwa kitambaa. Alirudi kwao Walungu. Nilimtembelea huko mara mbili nikamsimulia vitabu. Mara ya tatu niliambiwa kaburi liko wapi.

Tukabaki wawili, Maman Nabintu na mimi. Meza ya watu wanne, viti viwili vimeegemezwa ukutani. Mke wangu alifariki mapema, kabla hatujapata mtoto, na sikuoa tena. Maman Nabintu alikuwa na binti mmoja aliyeolewa na askari. Hatukuwa na sababu ya kukimbilia nyumbani jioni, na hakuna kati yetu aliyelitaja hilo. Tulisoma. Mwaka ule tulikuwa hodari kuliko tulipokuwa wanne. Nitawaambia wazi, kwa sababu hamnijui na mimi sina wa kumuonea haya tena: nilianza kupanga maneno yangu tangu asubuhi ili saa ya chakula aniulize "kisha?" mara nyingi iwezekanavyo. Alijua.

"Weye Virgule, uko unaelezea sawa mutu anachagua maharagi. Moja, moja. Tupa yote mu chungu, ivie."

"Nikitupa yote utakula mawe."

"Meno iko yangu."

Kitabu cha kumi na mbili cha mwaka ule kilikuwa hadithi iliyoachwa na mmoja wa wale walioondoka. Ukurasa wa jina haukuwamo, kwa hiyo mpaka leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Kinamhusu mwanamume aliyeajiriwa kulinda nyumba kubwa wakati wenyewe wamesafiri kwa msimu mmoja. Msimu unapita, hawarudi. Anamwagilia bustani, anajaza saa ya ukutani ufunguo, anafungua madirisha yaingize hewa. Analala katika chumba cha nyuma, baadaye katika cha mbele kwa sababu paa la nyuma limevuja. Wapita njia wanaanza kumsalimu kama mwenye nyumba, naye kila mara anawasahihisha. Nusu ya kwanza nilichukua mimi, ya pili akachukua yeye. Nilimsimulia yangu, akaanza kunisimulia yake.

"Huyu mulinzi iko sawa weye," aliniambia.

"Kwa nini?"

"Iko anangojea ruhusa."

Mwezi wa kumi na moja ujumbe ulimfikia Maman Nabintu kutoka Kamanyola, kule bondeni. Binti yake amejifungua mapacha, mumewe yuko kambini juma zima, na mama anahitajika. Alikusanya sindano zake, nta yake, na mto mdogo aliokalia. Kisha akachukua kaye za nusu ya pili, akazifunga katika kipande cha kitenge, akazitia kikapuni.

Nikamwambia kitabu hicho ni cha mteja.

"Muteja gani? Ule mwenye iko Athènes? Akikuja, umuambie iko Kamanyola." Akajitwika kikapu. "Mimi nimebeba yangu, weye baki na yako. Ukitaka mwisho, utakuja kuisikiliza."

Hesabu ya mwaka ule ikawa vitabu kumi na kimoja na nusu.

Baada ya yeye kuondoka nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nilisoma kitabu kizima peke yangu, kutoka kaye ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa mpangilio. Kilihusu mto na watu waliojenga daraja juu yake. Nilikuwa nimetamani jambo hilo miaka yote. Niliwaonea wivu wenye vitabu wanaokaa na kusoma mbele kwa mbele bila kukatizwa na Musombwa. Nilikimaliza kwa siku chache. Nikaona ni kifupi. Daraja lilijengwa, likasimama, nikafunga jalada, na karakana ilikuwa kimya kiasi cha kusikia kole ikikauka. Sikujua kama kilikuwa kizuri. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Basi nikashuka Kamanyola. Njia mnaijua, lori linashuka kwenye makorongo ya Ngomo huku abiria wote wakiwa wameshika rozari, hata Waprotestanti. Nilifika nimevaa koti langu la Bukavu. Alikuwa uani anaanika mihogo, mjukuu mmoja mgongoni, mwingine mkekani.

"Virgule. Umekuja na koti mu iyi joto? Unaogopa mibu watakusoma?"

Alinipa maji, akanipa wali wa bondeni na ndagala, ndipo akafungua kitenge. Akanisimulia kaye moja. Barua imefika nyumbani kwa mlinzi. Wenyewe wanasema watarudi.

"Kisha?" nikauliza.

"Leo ni iyo tu."

"Nimetoka Bukavu kwa kaye moja?"

"Kama nikikupa yote leo, utarudi huku kutafuta nini?"

Nilirudi mara kadhaa, kila wakati kwa kaye moja. Alizisoma mwenyewe usiku watoto wakilala, na alipozisimulia alikwisha kuzitia chumvi, nikamwambia hivyo, akasema nusu ya pili ni yake na chumvi ni yake. Katika safari moja nilimwambia lile nililokuwa nimelipanga tangu Ngomo. Nilimwambia arudi Bukavu, meza ipo, na nyumba yangu ya Kadutu ina vyumba viwili.

Aliendelea kugeuza mihogo. "Bukavu kuko baridi," akasema. "Kazi ya uzi imekufa, weye mwenyewe unajua. Mimi hapa niko na hawa wawili na shamba. Weye kuja huku."

"Na karakana?"

"Karakana inangoja nani?"

Nilisema nitafikiri. Nilifikiri kama ninavyofanya kila kitu. Nilimaliza vitabu vilivyokuwa vimebaki presini. Niliwaandikia waliojulikana anwani zao waje wachukue vyao. Nilipaka mafuta vyuma vya presi visile kutu, ingawa hakuna aliyekuwa anakuja kuvitumia. Mwenye jengo alilihitaji, nikamrudishia funguo, na hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila sherehe, saa ya chakula. Nikamwagiza fundi wa Kadutu anitengenezee sanduku jepesi la mbao kwa ajili ya vyombo vyangu, maana niliamua kushuka Kamanyola na kukaa. Ilibaki kaye moja tu ya kusimuliwa, ile ya mwisho. Niliona vema kwenda kuisikiliza pamoja na sanduku.

Sanduku lilikuwa bado halijapigwa rangi wakati dereva mmoja wa lori alipopanda mlima mpaka kwangu, anahema, ana kifurushi cha kitenge mkononi. Nilikijua kitenge kabla sijamjua yeye.

"Papa, ni weye Virgule?"

"Ni mimi."

"Maman Nabintu amekutumia iyi. Mukwe wake wamemupeleka Shaba, mbali kule kusini. Waliondoka familia yote, na ndege ya jeshi, haikungojea mutu. Alinikuta njiani tu."

Nikamuuliza kama aliacha barua. Hakuacha. Nikamuuliza kama alisema neno.

Dereva alifikiri kidogo, akijaribu kulipata kama lilivyo. "Alisema: umuambie atafute mutu mwingine wa kumuuliza kisha. Alisema vile, kisha akacheka, kisha akapanda mu camion ya askari."

Nilimpa maji. Aliposhuka, nilikaa mezani nikakifungua kitenge. Niliangalia alama za chini, kaye kwa kaye. Zote zilikuwapo, zimepangwa kwa utaratibu, na pembe moja iliyokuwa imechanika alikuwa ameibandika kwa kole ya muhogo, kidogo tu, kama inavyotakiwa.

Nikasoma kaye ya mwisho. Ni fupi. Wenyewe wamefika. Mlinzi anawapokea mlangoni, anawaonyesha mahali paa lilipovuja, anawaeleza saa inavyojazwa. Anawapa funguo. Anachukua mzigo wake, anatoka, anafika kwenye lango. Hapo anakumbuka kwamba ameacha kopo la kumwagilia katikati ya kijia, na mtu asiyeijua bustani anaweza kujikwaa. Anarudi. Analiweka kando, chini ya ukuta, na kuligeuza ili maji ya mvua yasituame ndani. Kisha anaondoka. Hakuna zaidi.

Niliinua kichwa nimsimulie. Nilikuwa tayari nimeshafungua mdomo. Mbele yangu palikuwa na ukuta na koti langu limetundikwa kwenye msumari.

Nimejaribu baadaye, msidhani sikujaribu. Nilimsimulia jirani, naye alinisikiliza kwa heshima yote, akisema "eh, papa", "eh, papa", mpaka redio yake ikaanza kupiga rumba na mguu wake ukaondoka kabla ya masikio. Nilimsimulia katekista, akaniambia fundisho lake hata kabla sijafika kwenye kopo. Hakuna kati yao aliyeuliza lile neno. Kwa sheria ya Papa Birindwa, ni mimi niliyeeleza vibaya, na ninapaswa kuanza tena. Barua niliyoiandika Shaba nilimpa msafiri. Sijui kama ilifika.

Kwa hiyo hivi ndivyo hesabu ilivyo. Miaka mingine yote kumi na viwili kamili. Mwaka ule kumi na kimoja na nusu. Kitabu cha kumi na mbili kiko ndani ya lile sanduku, nusu ya kwanza upande wa kushoto, nusu ya pili upande wa kulia ndani ya kitenge chake. Uzi wa kitani ninao, wa kweli, niliuhifadhi tangu siku zile. Unatosha kitabu kimoja. Nta ninayo. Mikono bado haitetemeki. Ningeweza kukishona mchana mmoja, lakini kitabu kilichoshonwa husomwa na mtu mmoja mmoja.

Nyinyi mna mwaka mbele yenu na vitabu kumi na viwili. Mmoja wenu asipopata cha kumi na mbili, apande Kadutu, apite soko, aulize njia ya kwa Papa Virgule. Nitampa nusu ya kwanza aende nayo. Akimaliza arudi aniambie mlinzi anafanya nini katika nyumba ile, na mimi, ambaye ninajua, nitamuuliza: kisha?